Sikupata Habari: Kweli na Uongo kuhusu Simu na Undugu, Ikola na Ng'ambo ya Ziwa

Kwa muda mrefu, mtu wa Ikola aliyekosa msiba wa shangazi yake alikuwa na jibu moja ambalo kila mzee alilikubali: sikupata habari. Wala halikuwa jibu la kuzuga. Ikola ni kata ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, katika wilaya ambayo leo inaitwa Tanganyika na zamani ilikuwa sehemu ya Mpanda. Kutoka Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100 za kuteremkia ziwani, na masika yalikuwa na uamuzi wake juu ya njia hiyo. Kwa upande wa maji kulikuwa na MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Kwa miongo mingi ilipita kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji vya mwambao, Ikola kikiwamo, huku mitumbwi ikitoka kwenda kuipokea. Barua ilifuata ratiba ya meli. Habari ya kifo, kwa kuwa haisubiri, ilipelekwa kwenye matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na ikafika ikiwa betri za redio zilikuwa hai siku hiyo.

Watu hubishana kama simu imetuunganisha au imetutenga. Mimi naona kubwa zaidi iliyofanya ni kuondoa udhuru. Umbali ulikuwa ukimsamehe mtu kabla hajaomba msamaha, na sasa hausamehi tena. Tukiyapima kwa kipimo hicho yanayosemwa vijiweni, yapo yanayosimama na yapo yanayoyumba.

"Simu imeua kutembeleana. Siku hizi hata msibani watu hawafiki."

Uongo kwa walio karibu. Kwa walio mbali kuna ukweli fulani, ila hao hata zamani hawakuwa wakifika.

Mtu akifariki leo usiku katika kijiji cha mwambao, kabla hapajapambazuka mtoto aliyeko Mpanda amejua, binamu wa Sumbawanga amejua, na mpwa anayeuza duka Mbagala amejua. Kufikia asubuhi kundi la WhatsApp limefunguliwa, picha ya marehemu ndiyo picha ya kundi. Mhasibu ameteuliwa, na namba ya kutumia michango imebandikwa pamoja na jina litakalotokea, ili mchango wa mtu usipotelee kwa mwingine. Kila jioni orodha inapandishwa: jina, kiasi, na mbele ya baadhi ya majina neno moja tu, "ahadi".

Zamani daftari la michango lilikaa mkekani na kuonwa na waliofika. Asiyefika hakuonwa kuwa hakuchanga. Sasa daftari linamfuata kila mtu mfukoni, na jina lisilokuwamo linaonekana kuliko yaliyomo. Hata kutoroka kulikuwa kugumu: aliyejiondoa kundini alitangazwa mbele ya wote, mpaka WhatsApp walipobadilisha utaratibu mwaka 2022 na kuanza kuwaarifu wasimamizi wa kundi peke yao. Nadhani ndoa nyingi na koo nyingi zilipumua siku hiyo, ingawa msimamizi wa kundi la ukoo huwa ndiye shangazi mwenye kumbukumbu kuliko wote.

Lakini kaburi halichimbwi kwa pesa ya simu. Anayechimba, anayechota maji, anayeinjika sufuria la ugali wa wafiwa na anayelala turubaini mpaka matanga yaishe ni walewale wa jirani, kama ilivyokuwa. Simu haijawapunguza hao. Imeongeza tabaka jingine la waombolezaji: walio mbali, wanaotuma rambirambi na kuamini kwamba wamefika. Wazee hawaamini hivyo. Kwao elfu kumi imefika, mwenyewe hajafika, na yote mawili yanakumbukwa.

Kuna mahali ambapo malalamiko haya yana haki kamili, napo ni katika kujuliana hali kusikokuwa na sababu. Kijana aliyekuwa akipitia kwa bibi yake akitoka mwaloni, akakaa kidogo na kuondoka na muhogo, sasa anapiga simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nimekukumbuka tu."

Bibi ananyamaza akisubiri shida itajwe, kwa sababu simu isiyo na shida imekuwa adimu. Hapo simu imechukua kitu. Ziara ilikuwa haihitaji ajenda.

"Utafiti umethibitisha kwamba intaneti humfanya mtu mpweke."

Uongo, au tuseme ni habari iliyosimuliwa nusu.

Utafiti unaotajwa mara nyingi ulifanywa Pittsburgh, Marekani, na Robert Kraut na wenzake. Walizipa familia kompyuta na intaneti, wakawafuatilia watu 169 wa kaya 73, na mwaka 1998 wakatoa matokeo yaliyoshtua: walioitumia sana walizungumza kidogo zaidi na watu wa nyumbani, mduara wao wa marafiki ulipungua, na upweke uliongezeka. Habari ikazunguka dunia na bado inazunguka.

Kisichozunguka ni sehemu ya pili. Kraut huyohuyo alirudi kwa watu walewale, na mwaka 2002 akaandika kwamba sehemu kubwa ya madhara yale ilikuwa imetoweka. Katika kundi jipya alilolipima aliona kwamba mtu mchangamfu, mwenye watu wengi tangu mwanzo, alifaidika na intaneti, ilhali mkimya na mwenye watu wachache alizidi kudidimia. Aliye nacho huongezewa.

Matokeo hayo ya pili yana maana zaidi kwetu kuliko ya kwanza. Enzi hizo Mmarekani aliyekaa na intaneti alikuwa na nafasi kubwa ya kuzungumza na wageni, kwa kuwa ndugu na jirani zake wengi hawakuwamo mtandaoni. Mtanzania aliingia intaneti kwa mlango mwingine, akiwa na simu yenye namba za watu aliokwisha kuwajua: mama, baba mdogo, fundi, mchungaji, mwenye duka. Facebook inamruhusu mtu marafiki 5,000, na Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikadiria tangu miaka ya 1990 kwamba binadamu huweza kuwamudu watu kama 150 hivi. Katika ukoo wa Kifipa au Kibende, 150 hiyo inajaa kabla hujatoka nje ya ndugu wa baba.

"Laini za simu ni nyingi kuliko watu, kwa hiyo sote tupo hewani."

Uongo wa hesabu.

Ni kweli kwamba mwishoni mwa 2024 laini zilizohesabiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zilizidi milioni 80, na sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120, Katavi ikiwa na 1,152,958. Lakini laini si mtu. Katika maeneo ya mwambao mtu hubeba laini mbili au tatu kwa sababu mtandao mmoja unashika kijijini, mwingine unashika kambini kwa wavuvi, na wa tatu ndio wenye wakala karibu. Ujio wa Halotel mwaka 2015, ulioelekezwa zaidi vijijini, na minara inayojengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchi nzima) vimepunguza pengo. Vimeongeza pia idadi ya laini kwa kila mfuko wa suruali.

Halafu kuna suala la jina. Usajili wa alama za vidole ulioanza 2019 ulidai namba ya kitambulisho cha NIDA, na tarehe ya mwisho, baada ya kusogezwa, ikawa Januari 20, 2020. Ambaye kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka alifanya lililowezekana: laini ikasajiliwa kwa jina la mjomba, la kaka, la mume. Undugu ulitangulia hapo, karatasi ikafuata. Matokeo yake tutayaona kwenye utapeli.

Hesabu ya laini inaficha jambo jingine, nalo ni nani anayepokea. Katika nyumba yenye simu moja, simu hiyo mara nyingi ni ya mume. Mama wa mke akipiga, anayejua kwanza kwamba mama huyo anaumwa ni mume. Habari imefika nyumbani kweli, ila imepita mlango mmoja kabla ya kumfikia mwenyewe, na aliyesimama mlangoni anaweza kuichelewesha, kuipunguza, au kusahau. Mwanamke anapopata kiswaswadu chake mwenyewe, hata kiwe kimefungwa kwa mpira, kinachobadilika ni njia ya kuelekea kwa mama yake. Ndiyo maana nyumba nyingi zimegombana kwa ajili ya kitu cha bei ndogo hivyo.

"Pesa ya simu imewageuza ndugu kuwa ombaomba."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo mtoto aliyefanya kazi Dar es Salaam na kutaka kumsaidia mama yake Ikola alikuwa na njia ya kumpa mtu bahasha: dereva, mwalimu anayerudi kituoni, abiria wa treni ya Mpanda. Bahasha ilichukua wiki, na pengine ilifika imekonda. Kwa hiyo aliyeombwa alikuwa na nafasi ya kweli ya kusema "nitatuma nikipata mtu". Leo mtu wa kutumwa hahitajiki. Ombi linafika saa tatu usiku, na kabla ya saa tatu na dakika tano inajulikana kama umetoa au umenyima. Anayelalamika kwamba ndugu wameongeza kuomba, mara nyingi analalamikia kupotea kwa ile wiki.

Adabu mpya imeota mahali pa ile ya zamani. Kuna "tuma na ya kutolea", sharti ambalo mwanzoni lilionekana ufidhuli na sasa ni ungwana, kwa kuwa anayetuma elfu kumi kavu amemwachia mama yake makato ya wakala. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, sharti hilo liligeuka mzigo. Familia zilijikuta zikihesabu kodi ndani ya upendo, na kelele zikawa kubwa kiasi kwamba miezi miwili baadaye serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Sikumbuki kodi nyingine iliyomgusa bibi kizee wa kijijini na mjukuu wake wa Kariakoo kwa siku moja namna ile.

Je, undugu huo wa kutumiana una faida inayopimika? Unayo. Tavneet Suri na William Jack walipozifuatilia kaya za Kenya, waliona kwamba zilipopatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi ya wasiokuwa na M-Pesa yalishuka kwa asilimia 7 hivi, na ya waliokuwa nayo hayakutikisika. Pesa ilikuja kutoka kwa watu wengi zaidi, na kutoka mbali zaidi.

Hapa kwetu, mtafiti Emily Riley alitumia takwimu za kaya za Tanzania kuangalia mvua inapoharibika na kijiji kizima kuumia kwa pamoja. Waliotumia pesa ya simu walijikinga. Kilichonishika zaidi ni matokeo yake ya pili: majirani wasiotumia pesa ya simu, wanaoishi kijiji kilekile, hawakuonekana kufaidika. Pesa iliyomfikia jirani haikumwagikia kwao.

Hilo ndilo lalamiko lililostahili kusikika vijiweni, na halisikiki. Gunia la unga likishushwa kutoka kwenye gari, mtaa mzima huliona, na watoto wa jirani hutumwa na bakuli. Ujumbe wa M-Pesa unaingia kimya, na mwenye nao anaweza kula bila kuonwa. Simu imemkaza mtu kwa mwanawe aliye kilomita 1,000 na kumpa siri mbele ya jirani wa mita kumi. Udhuru umeondolewa kwa ndugu wa mbali, na aliyetumiwa amepewa mpya mbele ya jirani.

"Mwenye simu hapunjwi bei. Mvuvi amekombolewa kutoka kwa mlanguzi."

Uongo, angalau kama habari ya mwambao huu.

Wanaosema hivi wana ushahidi wao, nao ni mzuri. Robert Jensen alichunguza wavuvi wa dagaa wa Kerala, India, kati ya 1997 na 2001, simu zilipokuwa zikiingia mwambao kipande kwa kipande. Kabla ya simu, mvuvi alitia nanga ufukwe mmoja bila kujua hali ya mwingine, na asilimia 5 hadi 8 ya samaki walitupwa kwa kukosa mnunuzi. Baada ya simu aliuliza akiwa bado majini. Kutupa kukaisha, faida ya mvuvi ikapanda asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4. Kwa mwanauchumi ni hadithi tamu, na imesimuliwa mpaka imekuwa sala.

Lakini watafiti wengine, Janaki Srinivasan na Jenna Burrell, walirudi Kerala na mwaka 2013 wakaeleza kwamba mambo yana mikunjo zaidi: nani anauza wapi hakuamuliwi na bei peke yake, kuna mikopo na mazoea ya kila ufukwe. Na kwetu Tanzania, Thomas Molony alikwisha kuliona hilo mwaka 2008 bila kwenda ziwani. Alifuata biashara ya mazao yanayopelekwa kwenye masoko ya Dar es Salaam, akakuta wakulima wenye simu na wenye kujua bei ambao hata hivyo waliuza kwa mnunuzi yuleyule, kwa sababu mnunuzi ndiye aliyewakopesha pesa ya mbolea na ya kuvunia. Taarifa ya bei haina kazi kwa mtu asiye huru kubadili mnunuzi.

Sasa tazama dagaa na migebuka wa Tanganyika. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku wa giza. Taa, zamani karabai na sasa za betri na sola, huwaita samaki juu, na mbalamwezi ikishika wavuvi wanapumzika. Mvuvi asiye na chombo anavua chomboni mwa tajiri. Nyavu ni za tajiri, mafuta ya injini ni ya tajiri, na unga unaoliwa nyumbani kwake wakati wa mbalamwezi umetoka dukani kwa tajiri, umeandikwa. Alfajiri akiwa anarudi mwaloni anaweza kupiga simu Mpanda na kuambiwa bei nzuri. Atashukuru na kukata. Samaki wana mwenyewe.

Ni rahisi kuuita uhusiano huu unyonyaji na kuendelea na safari. Mara nyingi ni unyonyaji kweli. Ila ziwa lilipopumzishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, bei ya dagaa ilijulikana kila siku kwa simu na haikumlisha mtu. Swali la miezi ile lilikuwa nani atakukopesha, na jibu lilikuwa mtu anayekujua, anayejua chombo unachovulia na anayejua kwamba ziwa likifunguliwa utarudi kwake. Deni ni uhusiano wa kijamii kabla halijawa uhusiano wa bei, na simu inaukaza: tajiri wa leo anaweza kumpigia mvuvi wake akiwa kambi ya mbali na kumuuliza amevua ndoo ngapi. Zamani mvuvi angeweza kuuza mbili tatu njiani na kusema upepo ulikuwa mbaya. Udhuru wa namna hiyo nao umeondoka.

Aliyefaidika zaidi na simu mwaloni, kwa ninavyoona, ni mchuuzi mwenye mtaji wake mdogo, mara nyingi mwanamke, anayekausha na kupeleka mjini. Yeye hadaiwi na mtu mmoja, kwa hiyo kila namba aliyonayo ni soko. Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kwamba mtu hupata kazi na habari mpya zaidi kwa watu anaojuana nao kijuujuu kuliko kwa wandani wake, kwa kuwa wandani wanajua yaleyale anayoyajua. Mchuuzi wa dagaa hajamsoma, lakini simu yake imejaa watu wa namna hiyo: "Dagaa Mpanda", "Mama Ndoo Majengo", "Dereva Fuso".

"Anayebipu hana adabu."

Uongo. Jonathan Donner alichunguza kubipu, akianzia Rwanda, na mwaka 2007 akaonyesha kwamba kuna sheria zake zisizoandikwa, ya kwanza ikiwa mwenye uwezo ndiye anayelipa. Sheria hizo tunazijua. Mtoto anambipu baba, mfanyakazi anambipu tajiri, na ukimbipu mkwe au msichana unayemposa umejimaliza. Vifurushi vya bei nafuu vimepunguza mchezo huu, na "tafadhali nipigie" imechukua nafasi. Anayeomba bado ni yule aliyetakiwa kuomba.

"Matapeli wa simu wameua kuaminiana."

Nusu kweli. Nadhani wameua uzembe zaidi ya kuaminiana.

Kila Mtanzania amepokea ule ujumbe: ile pesa tuma kwenye namba hii. Hauna jina la mtu wala salamu, na bado umewaliza wengi. Unafaulu kwa sababu wakati wowote ule, kati ya watu elfu wanaoupokea, wapo waliokuwa wakijiandaa kumtumia mtu pesa saa hiyohiyo: ada, kodi ya nyumba, dawa ya mama. Tapeli hajatengeneza uhusiano wowote. Amejibanza kwenye njia ambayo undugu unapita kila siku. Katika nchi ambayo watu hawatumiani pesa, ujumbe huo usingekuwa na maana yoyote.

Taarifa za TCRA zimeutaja mara kwa mara Mkoa wa Rukwa, jirani yetu wa kusini, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa namba za utapeli. Habari hiyo imewachosha Warukwa waadilifu kwa mizaha wasiyoistahili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, namba ya tapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na ukibonyeza *106# unaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kinga inayotegemewa zaidi ni jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Na hapo ndipo ule usajili kwa jina la mjomba unapoharibu mambo. Unamtumia dada yako, linatokea jina la mwanamume usiyemjua, unasita. Je, ni laini ya mumewe, ya shemeji, au ya tapeli? Kwa hiyo unapiga ili usikie sauti. Anayetaka pesa kwa haraka, akidai mtoto ameanguka shuleni, huwa hapokei, au hupokea kwa sauti ya kukwaruza na kusema mtandao unasumbua. Familia zimejifunza kuuliza swali ambalo mgeni hawezi kulijibu, kama jina la mbwa wa marehemu babu. Mimi siiti hali hiyo kifo cha kuaminiana. Watu wanaaminiana kwa sauti na kumbukumbu, na maandishi yameshushwa cheo.

"Intaneti ikikatika, undugu unakatika."

Uongo, na tulipata jaribio la bure. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. WhatsApp ilisuasua, picha hazikufunguka, makundi yakapoa. Lakini simu ya kawaida kutoka Ikola kwenda Dar es Salaam haihitaji waya wa baharini. Inapita minara na nyaya za humuhumu nchini. Menyu ya pesa ya nyota na reli, *150*00# na wenzake, nayo haitumii bando. Kwa mwenye kiswaswadu ilikuwa Jumapili kama nyingine. Tunapozungumza juu ya "intaneti na jamii" tukiwa mjini, tunasahau kwamba kamba kubwa ya familia za vijijini bado ni sauti na nyota na reli.

"Ziwa ni mpaka, waliobaki ng'ambo ni watu wa nje."

Kweli kwa bei, uongo kwa damu.

Ukisimama Ikola, Kalemie ya Kongo iko karibu kuliko Dar es Salaam kwa mbali sana. Waholoholo wako pande zote mbili za ziwa, na Kiswahili kinasemwa pande zote mbili. Karema, jirani wa kusini wa Ikola, imejengewa bandari mpya ikiitazama Kongo. Na huko bara, katika wilaya hiyohiyo ya Tanganyika, kuna Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi walikaa miaka mingi bila kujua nani amebaki hai. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu walikubaliwa uraia wa Tanzania, lakini uraia haukuhamisha shangazi na binamu waliobaki upande mwingine.

Kwa watu hawa kampuni za simu zina ramani tofauti na ya ukoo. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na bado simu ya Kalemie ni simu ya nje ya nchi, yenye bei yake. Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, iko ndani ya kifurushi cha wiki. Wafanyabiashara wa ziwani hubeba laini ya Kongo pamoja na ya Tanzania na kubadilisha wakifika upande wa pili.

Hapa ndipo intaneti inafanya kazi ambayo simu ya sauti haiwezi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haujui mpaka. Dakika mbili za mama mkubwa aliyeko Kalemie akieleza kwamba ndoa imesogezwa mpaka baada ya mavuno zinakula bando lilelile ambalo dakika mbili za mtu wa Mpanda zingekula. Kwa mwenye kiswaswadu, ndugu huyo yuko nje ya nchi. Kwa mwenye simu janja, yuko kwenye kundi la familia, analaumiwa kama wengine kwa kutochangia.